UZI: Ukuaji wa mtoto aliyezaliwa mdogo kuliko ilivyotarajiwa, kuanzia saa ya kwanza hadi miaka miwili

Mlezi wa Wadogo

Wakuu, habari zenu. Maswali kuhusu watoto waliozaliwa na uzito mdogo yanajirudia kila siku, na majibu yanapishana kwa sababu tunawaita kwa jina moja watoto ambao hawafanani. Nimefungua uzi huu tuliweke jambo hili sawa. Wenye ujuzi karibuni mjazie.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mtoto yeyote aliyezaliwa na chini ya gramu 2,500 ana uzito mdogo. Chini ya 1,500 ni mdogo sana. Kipimo hiki hakiulizi mimba ilikuwa na wiki ngapi, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Chukua watoto wawili, kila mmoja ana gramu 2,000. Wa kwanza kazaliwa wiki ya 33: uzito wake ni wa kawaida kwa wiki hizo, shida yake ni kwamba katoka mapema. Mapafu bado machanga, kunyonya na kumeza bado hakujapatana vizuri na kupumua. Wa pili kazaliwa wiki ya 39: huyu amekomaa, analia vizuri, ananyonya, lakini chakula kilimfikia kwa shida tumboni, kwa hiyo kazaliwa bila akiba ya mafuta wala sukari ya kutosha kwenye ini. Wa kwanza ni njiti. Wa pili ni mdogo kwa umri wa mimba. Yupo na wa tatu mwenye yote mawili, njiti ambaye hata kwa wiki zake ni mdogo, na huyo anahitaji jicho kali kuliko wote.

"Mdogo kwa umri wa mimba" maana yake ukipanga watoto mia wa jinsia ile na wiki zile, yeye yumo katika kumi wa chini. Kujua hilo unahitaji chati inayokwenda kwa wiki za mimba. Zinazotumika sana ni ya INTERGROWTH-21st iliyotoka mwaka 2014 na ya Fenton ya 2013. Na chati haina maana kama wiki zimekosewa. Tarehe iliyopatikana kwa picha ya ultrasaundi katika miezi mitatu ya kwanza ndiyo ya kuaminika. Ile ya kukumbuka hedhi ya mwisho inaweza kupotea kwa wiki mbili tatu, na wiki tatu zinatosha kumgeuza mtoto wa kawaida awe "mdogo".

Si kila mdogo ni mgonjwa, pia. Mama na baba wenye maumbile madogo huzaa watoto wadogo waliokua vizuri kabisa. Anayetutia wasiwasi ni yule aliyepaswa kukua zaidi ya pale, akazuiwa.

Bi Mkunga

Asante Mlezi. Niongeze hapo kwenye "akazuiwa".

Mara nyingi kizuizi kiko kwenye kondo la nyuma: shinikizo la damu na kifafa cha mimba, malaria iliyojificha kwenye kondo, mama mwenye upungufu mkubwa wa damu au lishe duni, sigara, mapacha wanaogombea nafasi. Wakati mwingine kizuizi kiko kwa mtoto mwenyewe: maambukizi ya tumboni kama rubela, kaswende au virusi vya saitomegalo, au kasoro za kromosomu. Ukitaka kukisia ni kipi kati ya hivyo viwili, usitazame uzito peke yake. Andika vipimo vitatu pamoja siku ile ile: uzito, urefu, mzingo wa kichwa.

Kondo linapochoka mwishoni mwa mimba, mwili wa mtoto huupa ubongo kipaumbele. Anazaliwa mwembamba, ngozi imelegea mapajani na makalioni, ila kichwa kiko karibu na kawaida. Kama vyote vitatu vimepungua kwa kiasi kinachokaribiana, chanzo huenda kilianza mapema, na hapo daktari atafute maambukizi na mengineyo. Kadi isiyo na mzingo wa kichwa imepoteza taarifa ambayo huwezi kuirudisha, maana kichwa cha wiki ya sita si kile cha siku ya kwanza.

Saa za mwanzo, hatari mbili zinakuja pamoja: baridi na sukari kushuka. Mtoto mdogo ana ngozi kubwa kulinganisha na uzito wake na mafuta haba chini yake, kwa hiyo anapoa haraka. Akipoa anachoma sukari ili apate joto, na sukari yenyewe hana. Mkaushe, mvue ile nguo iliyolowa, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, na mwogesheni baada ya saa 24, si kabla. Joto la kwapani liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Anyonye ndani ya saa ya kwanza, kisha kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku na mchana. Wadogo kwa umri wa mimba wapimwe sukari hata kama wanaonekana wazima. Vituo vingi huchukua hatua inapokuwa chini ya milimoli 2.6 kwa lita. Kutetemeka, kulegea, kugoma kunyonya au kupumua kwa kusitasita huja wakati sukari imeshashuka, kwa hiyo usisubiri dalili.

Tena, damu ya hawa waliokosa hewa ya kutosha tumboni huwa nzito. Mtoto mwekundu mno halafu analala lala, mwambie daktari.

Nuru_K

Samahani wataalamu, naomba msaada wa kusoma chati. Mtoto wa kike, wiki 39, gramu 1,900, urefu sm 45, kichwa sm 33. Sasa ana miezi miwili: kilo 3.5, urefu sm 53.5. Ananyonya maziwa ya mama tu. Bado yuko kwenye eneo jekundu la kadi, na ushauri unaotolewa ni aongezewe maziwa ya kopo na uji mwepesi ili "atoke kwenye nyekundu". Je, ni sawa?

Mlezi wa Wadogo

Dada Nuru, asante kwa kuleta namba kamili. Wengi huleta neno "hakui" bila namba, na hapo hakuna cha kujibu.

Tuzisome pamoja kwenye viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006. Kwa msichana, mstari wa katikati siku ya kuzaliwa ni kilo 3.2, wa hasi mbili (yaani hatua mbili chini ya katikati) ni 2.4, wa hasi tatu ni 2.0. Yeye akiwa na 1.9 alianzia chini ya mstari wa mwisho kabisa. Miezi miwili, mstari wa hasi tatu uko kwenye 3.4 na wa hasi mbili 3.9. Yeye ana 3.5. Amevuka mstari mmoja kwenda juu! Ameongeza gramu 1,600 kwa siku 60 hivi, yaani karibu gramu 27 kwa siku, wakati tunachotaka katika miezi mitatu ya kwanza ni 20 hadi 30. Urefu nao umepanda sm 8.5, na msichana wa katikati hupanda sm 8 kwa muda huo. Kichwa chake cha 33 kiko karibu na 33.9 ya katikati, picha ile ile aliyoieleza Bi Mkunga ya kondo lililochoka mwishoni.

Kwa hiyo rangi ya eneo alilomo inakwambia alikoanzia. Mwelekeo wa mstari wake ndio unaokwambia anavyokua, na huyu anakua vizuri sana. Asipewe uji, asipewe kopo. Maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Akiendelea hivi, tarajia awe karibu na kilo 5 akifika miezi minne, na hapo atakuwa ameugusa mstari wa hasi mbili.

Kijana wa Dawa

Mkuu nakubaliana nawe kwa huyu wa Nuru, lakini tusiseme "asiongezewe" kwa wote. Njiti wa chini ya gramu 1,500 maziwa ya mama peke yake mara nyingi hayatoshelezi protini, kalsiamu na fosfeti. Hospitalini huongezewa virutubisho maalumu ndani ya maziwa yaliyokamuliwa. Kuwanyima hao ni kuwadumaza mifupa.

Mlezi wa Wadogo

Kweli kabisa, na asante kwa kulitaja. Njiti mdogo sana anarutubishiwa maziwa chini ya uangalizi. Mdogo aliyetimiza wiki zake hafuati njia hiyo. Kosa ninaloliona ni kumchukulia wa pili kama wa kwanza.

Na kuna sababu nzito ya kutomnenepesha haraka. Tangu miaka ya 1980 mtafiti David Barker na wenzake Uingereza walionyesha kuwa waliozaliwa wadogo walikufa zaidi kwa magonjwa ya moyo ukubwani, na tafiti zilizofuata zikaongeza kisukari cha ukubwani na shinikizo la damu. Mwili uliozoea uhaba tumboni ukimwagiwa chakula kingi, mafuta hujaa tumboni mwa mtoto kuliko misuli na mifupa kukua. Tunachotaka ni urefu na kichwa viende sambamba na uzito. Uzito ukivuka mistari miwili juu huku urefu umesimama palepale, hiyo si habari njema hata kama mashavu yanapendeza.

Lishe na Mizani

Niingie kwenye vipimo vya kulisha, maana hapa ndipo walezi hukwama.

Kwa mtoto anayelishwa maziwa yaliyokamuliwa, wengi huanza na mililita 60 hadi 80 kwa kila kilo siku ya kwanza, wakaongeza 20 hadi 30 kwa kila kilo kila siku, mpaka 150 hadi 180 mwisho wa wiki ya kwanza. Mfano: mtoto wa kilo 1.8 siku ya nane, kwa 160 kwa kilo, ni mililita 288 kwa siku. Ukigawa kwa milo minane ni 36 kila mlo, ukigawa kwa kumi na miwili ni 24. Anayetapika au tumbo kujaa apewe kidogo kidogo mara nyingi. Matapishi ya kijani au tumbo gumu linalong'aa ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kunyonya, kumeza na kupumua hupatana kuanzia wiki ya 34 hivi. Kabla ya hapo, mpira wa kulishia au kikombe. Kikombe kina ufundi wake: mtoto awe amekaa nusu wima, ukingo ukae juu ya mdomo wa chini, inua kikombe mpaka maziwa yaguse tu mdomo, kisha ngoja. Yeye mwenyewe ataramba na ulimi. Ukimwagia ndani, yanaingia kwenye njia ya hewa.

Aliyetimiza wiki lakini mdogo ana mtego mwingine: anachoka. Anashika titi, ananyonya dakika tano, analala, na kila mtu anaamini ameshiba. Sikiliza kumeza. Kama taya linatikisika bila sauti ya kumeza, hapati kitu. Minya titi taratibu anapositasita, mvue nguo awe macho, badilisha upande. Ikifika dakika 30 mlo mmoja, acha, kamua kilichobaki na umalizie kwa kikombe. Hayo ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi, kwa hiyo kuyakamua na kumpa ni nyongeza nzuri kuliko kopo lolote. Mama ambaye mtoto wake bado hanyonyi akamue mara nane hadi kumi kwa saa 24, na angalau mara moja usiku wa manane, la sivyo maziwa hupungua ndani ya siku chache.

Bi Mkunga

Na haya yote yaende pamoja na kumbeba kifuani. Huduma ya kangaruu ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa daktari Edgar Rey Sanabria, mashine za kuwatunzia watoto joto zilipokuwa haba, lakini leo haihesabiki tena kuwa mbadala wa maskini. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukatoka 2021, ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kwa watoto wa gramu 1,000 hadi 1,799 kulipunguza vifo vya siku 28 za kwanza kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku, kadiri mama awezavyo, kwa njiti na wenye uzito mdogo wote.

Mkao: wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, kichwa kimegeukia upande na kunyanyuka kidogo, miguu imekunjwa kama ya chura. Nepi, soksi na kofia tu. Kitambaa kifike chini ya sikio. Shingo ikikunjamana mbele hewa hubanwa, na hilo ndilo kosa linalotisha kuliko yote kwenye kangaruu. Baba naye ana kifua, mama akipumzika ambebe.

Pima Sawasawa

Nimesoma namba zote hapo juu na nina ombi moja: pimeni sawasawa. Nusu ya "mtoto kashuka" ni mizani.

Mtoto awe uchi, hata nepi ivuliwe, maana nepi iliyolowa inafika gramu 100 na zaidi, na hizo ni siku nne za kukua kwa mtoto wa Nuru. Mizani iwe ile ile kila mara, isomeke sifuri kabla, na ionyeshe tofauti za gramu 10. Mizani ya kuning'iniza inayoruka gramu 100 haifai kwa mtoto wa kilo mbili.

Urefu unahitaji ubao na watu wawili: mmoja anashika kichwa kiguse ubao, macho yakitazama juu, mwingine ananyoosha magoti na kusukuma kibao kwenye nyayo. Futi ya fundi cherehani juu ya kitanda hukosea sm mbili tatu. Mzingo wa kichwa: utepe usiovutika, juu kidogo ya nyusi, nyuma ukapite palipochomoza zaidi kwenye kisogo, rudia mara tatu, chukua namba kubwa.

Halafu msiogope kushuka kwa siku za kwanza. Aliyetimiza wiki anaweza kupoteza hadi asilimia 10, njiti hadi 15, na wengi hurudi kwenye uzito wa kuzaliwa siku ya 10 hadi 14. Njiti akisharudi, tunatafuta gramu 15 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku, kichwa karibu nusu sentimita hadi moja kwa wiki. Kichwa kinachopanda zaidi ya hapo wiki mfululizo, na utosi umevimba, mpeleke. Kichwa kisichopanda kabisa, mpeleke pia.

Nuru_K

Nashukuru sana, nimeelewa. Swali la mwisho: huyu wa wiki 39 na yule njiti, umri kwenye chati unaandikwaje? Na vipi kuhusu madini ya chuma na chanjo?

Lishe na Mizani

Wa wiki 39 anahesabiwa tangu siku aliyozaliwa, hana cha kurekebisha. Njiti unamtolea wiki alizowahi. Aliyezaliwa wiki ya 32 aliwahi wiki 8. Akiwa na miezi sita ya kalenda, yaani wiki 26, kwenye chati na kwenye hatua za kukaa na kugeuka unamhesabu wiki 18, miezi minne hivi. Endelea hivyo hadi miaka miwili. Usipofanya hivyo utamwita mdumavu mtoto asiye na tatizo. Chakula cha nyongeza kwa njiti kinafuata umri uliorekebishwa, lakini pia kaza macho kwenye dalili: anashika kichwa, anakaa kwa kuegemezwa, hasukumi kijiko nje kwa ulimi.

Chanjo ni kinyume, zinafuata umri wa kalenda. Usizirekebishe. Mtoto mdogo ndiye anayezihitaji mapema zaidi. Dozi ya homa ya ini B ya siku ya kuzaliwa kwa aliye chini ya gramu 2,000 inatolewa, ila haihesabiwi kwenye mfululizo wake, na BCG, ile ya kifua kikuu, fuateni mwongozo wa mnapotibiwa.

Madini ya chuma: akiba huwekwa zaidi wiki za mwisho za mimba, kwa hiyo wote wawili wana upungufu. Kuchelewesha kukata kitovu kwa angalau dakika moja kunasaidia. Baada ya hapo dozi inayotajwa sana ni miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo kwa siku kwa njiti na wadogo wanaonyonya tu, kuanzia wiki za mwanzo. Anayekaribia gramu 2,500 huhitaji kidogo kuliko hapo. Daktari apange kiwango. Tahadhari yangu ni kwenye chupa: lebo nyingine huandika uzito wa chumvi nzima, nyingine chuma chenyewe, na tofauti ni mara tatu au zaidi. Muulize mfamasia "chuma chenyewe ni miligramu ngapi kwa mililita moja", na uifiche chupa, kwani chuma kikizidi ni sumu kwa mtoto. Vitamini D, yuniti 400 kwa siku.

Kijana wa Dawa

Niongeze dalili za kukimbilia hospitali bila kusubiri siku ya kliniki: kugoma kunyonya au kunyonya dhaifu kuliko jana, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja nzima akiwa ametulia, kifua kubonyea ndani, joto la 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, kusogea pale tu anaposhtuliwa. Kwa mtoto mdogo maambukizi mara nyingi huleta baridi badala ya homa, kwa hiyo mwili kupoa usiuchukulie wepesi.

Mlezi wa Wadogo

Nimalizie upande wa miezi ya mbele, maana kuna aliyeniuliza pembeni lini tuanze kuhofu kuhusu ufupi.

Wengi wa waliozaliwa wadogo, takriban tisa kati ya kumi, hufikia urefu wa kawaida wakifika miaka miwili, na kasi kubwa iko katika miezi sita ya kwanza. Njiti waliokuwa wadogo wanaweza kuhitaji hadi miaka minne. Kwa hiyo kila kliniki linganisha urefu, na kama miezi sita imepita bila mstari wa urefu kupanda hata kidogo, rudi kwanza kwenye mambo ya kawaida: anapata maziwa kiasi gani, anaharisha, ana kikohozi kisichoisha, moyo ukoje. Yakishaondolewa hayo, na mtoto wa miaka miwili bado yuko chini ya hasi mbili kwa urefu, apelekwe kwa daktari wa watoto anayeshughulika na homoni. Tiba ya homoni ya ukuaji kwa watoto hawa iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 na Ulaya 2003. Ni sindano ya kila siku kwa miaka mingi, na inahitaji ufuatiliaji wa sukari.

Na kwa kipimo hicho cha miaka miwili: kabla ya miezi 24 mtoto hupimwa amelala, baada ya hapo amesimama, na kusimama humpunguzia karibu sm 0.7. Kama mtoto wa miezi 25 aligoma kusimama akapimwa amelala, toa 0.7 ndipo uweke nukta kwenye chati.